Ukumbi Mzuri, Mkataba Mbovu: Tathmini ya Ukumbi wa Sherehe Uliotujibu "Haiwezekani"

Tathmini hii inahusu ukumbi mmoja wa sherehe jijini Dar es Salaam, ambao sitautaja jina, uliokodiwa na kamati yetu kwa ajili ya sendofu ya mtoto wa dada yangu. Wanaoandika maoni kuhusu kumbi za harusi kwa kawaida huishia kwenye viyoyozi, maegesho na mapambo. Nitayagusa hayo kwa ufupi, kwa sababu kilichonifanya niandike ni mkataba wa kurasa mbili ambao kila mteja wa ukumbi huo hupewa asaini, na hasa kipengele chake cha 9, kinacholichukua jambo zito la kisheria, yaani kutowezekana kwa kilichoahidiwa, na kulifungasha katika sentensi moja isiyomwachia mteja chochote. Nilikuwa katibu wa kamati, na kazi inayonipa ugali ni kusoma mikataba ya watu wengine, kwa hiyo msomaji anivumilie nikikaa muda mrefu kwenye karatasi kuliko kwenye viti.

Kama jengo, mahali pale panastahili sifa. Kuna kumbi mbili ndani ya uzio mmoja, na ule mdogo, tuliouchagua sisi, unaingiza watu wapatao mia mbili na hamsini bila kubanana. Jukwaa limeinuliwa kiasi kwamba hata anayeketi karibu na mlango wa jikoni humwona bibi harusi. Vyoo vina maji, walinzi wa maegesho hutoa kadi na kuidai mtu anapotoka, na menejimenti haimlazimishi mteja kununua chakula chao: unaweza kuja na mpishi wako ukalipia tozo ya jiko. Nimewahi kuhudhuria kicheni pati pale na nikatoka bila lalamiko. Bei ya ukumbi mdogo ilikuwa shilingi milioni 3, nusu yake ikilipwa papo hapo kama advansi, na kwa eneo lile bei hiyo si kubwa.

Kasoro ya kwanza ya huduma inaanzia kwenye utaratibu wa malipo. Mteja haoneshwi mkataba mpaka fedha zimeshahesabiwa na stakabadhi imeshaandikwa, na mweka hazina wetu, kama walivyo waweka hazina wengi, alisaini akiwa amesimama kaunta huku nyuma yake kukiwa na foleni. Kipengele cha 9 kinasema hivi: "Endapo kwa sababu yoyote itashindikana kutoa ukumbi kwa tarehe iliyokubaliwa, menejimenti haitawajibika, na malipo ya awali hayatarudishwa." Maneno ya kuangaliwa ni "kwa sababu yoyote". Moto, mafuriko, amri ya serikali, jenereta mbovu, uzembe wa karani aliyeandikisha sherehe mbili kwa siku moja, na hata meneja kupata mteja mwenye fedha zaidi, vyote vinalala kitanda kimoja.

Siku chache kabla ya sherehe, kadi zikiwa zimeshasambazwa, ilikuja barua yenye muhuri ikisema kwamba "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ukumbi usingepatikana. Nilipompigia meneja alinijibu kwa upole: "Mama, kwa kweli imeshindikana. Jenereta imekufa, na umeme wa eneo hili mnaujua wenyewe." Nikamwuliza: kamati ikikodi jenereta yake, na gharama ikakatwa kwenye salio tunalodaiwa, je, ukumbi utapatikana? Alinyamaza kidogo, kisha akasema atanipigia. Hakunipigia.

Swali hilo ndilo linaloanza kuchambua aina za kutowezekana. Kuna jambo ambalo hakuna mtu yeyote duniani anayeweza kulifanya, na kuna jambo ambalo yule aliyeahidi ndiye asiyeliweza kwa sasa, au analiweza kwa gharama kubwa kuliko alivyopanga. La kwanza linaweza kumfungua aliyeahidi. La pili kwa kawaida halimfungui. Jenereta hukodishwa Dar es Salaam kila siku, na anayesema hawezi kutoa ukumbi kwa sababu jenereta yake imekufa anasema, kwa maneno mengine, kwamba hapendi kutumia fedha za kukodi nyingine. Wafanyabiashara wakubwa kuliko yeye wamewahi kujaribu hoja hiyo wakashindwa. Mwezi Oktoba 1956 kampuni ya Tsakiroglou iliuza tani 300 za karanga za Sudan, zisafirishwe kutoka Port Sudan hadi Hamburg katika miezi miwili iliyofuata. Tarehe 2 Novemba Mfereji wa Suez ukafungwa kwa sababu ya vita. Muuzaji alisema mkataba umekufa, kwani njia iliyobaki ilikuwa kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari ndefu zaidi ya maradufu, na nauli kwa tani ilikuwa imepanda maradufu. Mahakama ya juu ya Uingereza ilimwambia kwamba karanga hazijali zimepita wapi, kwamba njia ndefu ilikuwa njia, na kwamba alipaswa kuzipakia na kuziteremsha pwani yetu hii mpaka zizunguke. Miaka michache kabla yake mkandarasi aliyeahidi nyumba 78 katika mji wa Fareham kwa miezi minane, akazimaliza kwa miezi 22 kwa sababu ya uhaba wa mafundi na vifaa, aliambiwa vivyo hivyo: ugumu, hasara na kuchelewa havimfanyi mtu kuwa ameshindwa kisheria.

Sitaki kumwonea meneja, kwa hiyo niseme kwamba mlango huo haukufungwa kabisa. Mahakama ya California mwaka 1916 ilimwachia mkandarasi aliyeahidi kuchukua kokoto zote alizohitaji kutoka ardhi ya kampuni moja, zilipobainika kuwa nyingi zimelala chini ya maji na kwamba kuzitoa kungegharimu mara kumi hadi kumi na mbili ya gharama ya kawaida. Majaji walisema kwamba katika sheria jambo haliwezekani lisipotekelezeka kivitendo, na halitekelezeki kivitendo kama lingefanyika kwa gharama ya kupindukia tu. Hii ni aina ya katikati, na mipaka yake hugombaniwa mpaka leo. Ila jenereta ya usiku mmoja, hata ikiwa ya bei mbaya, haifiki hata robo ya njia kuelekea huko.

Kwa kuwa simu haikuja, nilikwenda ofisini kwao na mweka hazina. Hapo sababu ilibadilika. Meneja alituambia kwamba tatizo hasa ni amri ya mamlaka kuhusu kelele, na akatuonesha ubao wa matangazo uliokuwa nyuma ya dawati lake. Barua ilikuwa imebanwa kwa pini mbili, nusu imefunikwa na kalenda ya benki, na ilieleza kwamba kwa sababu kuta za ukumbi mdogo hazizuii sauti, muziki wa vipaza sauti usipigwe katika kumbi zote mbili kwa wakati mmoja usiku mpaka matengenezo yafanyike. Mweka hazina aliiinua kalenda kwa kidole ili tuone tarehe. Barua ilikuwa imeandikwa kabla ya stakabadhi yetu.

Kwa Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo ilijengwa juu ya Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Kifungu hicho kina vipande vitatu, na ningeomba kila mwenye ukumbi avisome kabla ya kuchapa mkataba. Kipande cha kwanza ni cha jambo lisilowezekana lenyewe tangu mwanzo: makubaliano ya kulifanya ni batili. Kanuni hii ni ya kale. Mwanasheria wa Kirumi Celsus aliisema kwa maneno machache, kwamba hakuna wajibu juu ya yasiyowezekana. Sheria ya India iliweka mfano ambao sijawahi kuusoma bila kutabasamu: mtu anayekubaliana na mwenzake kumgundulia hazina kwa uchawi. Anayepita kwenye nguzo za umeme zilizobandikwa matangazo ya waganga wa kurudisha mali iliyopotea atakiri kwamba mfano huo haujazeeka.

Kipande cha pili ni cha jambo lililowezekana siku ya kusaini, kisha likawa haliwezekani, au likawa haramu kwa sababu ya tukio ambalo aliyeahidi hakuweza kulizuia. Hapo mkataba ulikuwa halali, ukafa njiani, na unahesabiwa kuwa batili kuanzia pale jambo liliposhindikana. Humu ndimo unamoingia uharamu unaozuka: mwezi Machi 2020, nchi nyingi zilipopiga marufuku mikusanyiko kwa sababu ya korona, ukumbi ulikuwepo, viti vilikuwepo, umeme ulikuwepo, na bado hakuna aliyeweza kuutoa kihalali. Meneja alitaka barua ile ya kelele iwe ya namna hii. Isingeweza, kwa sababu amri ilitangulia ahadi.

Ndipo kinapokuja kipande cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ndicho chenye meno zaidi na ndicho kisichotajwa sana. Kinasema kwamba mtu akiahidi jambo ambalo alijua, au kwa uangalifu wa kawaida angeweza kujua, kwamba haliwezekani au ni haramu, na aliyeahidiwa hakujua, basi lazima amfidie hasara aliyoipata kwa ahadi hiyo kutotekelezwa. Ubatili haumpi mjuaji pa kujificha. Australia walifika karibu na hapo kwa njia yao mwaka 1951, katika kesi ya tume ya serikali iliyouza mabaki ya meli ya mafuta yaliyodaiwa kukwama kwenye mwamba uitwao Jourmaund, karibu na Papua. Wanunuzi waliandaa msafara wa kwenda kuyaopoa, wakakuta hakuna meli wala mwamba wenye jina hilo. Tume ilijitetea kwamba mtu hawezi kuwajibika kwa kuuza kitu ambacho hakijapata kuwepo. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikajibu kwamba aliyeuza ndiye aliyeahidi kuwa kipo, na akalipa bei pamoja na gharama za msafara. Barua iliyofunikwa na kalenda ni jambo dogo mbele ya meli isiyokuwepo, lakini nani alijua na nani hakujua ni swali lilelile.

Hata hivyo bado sijafika kwenye kiini. Ukiisoma barua ile vizuri, haikukataza sherehe yetu. Ilikataza muziki katika kumbi mbili kwa pamoja. Maana yake ni kwamba usiku ule ukumbi mmoja ungeweza kupiga muziki, na menejimenti ndiyo iliyochagua upi. Tulipouliza, msichana wa mapokezi alisema bila hila yoyote kwamba ukumbi mkubwa umechukuliwa na harusi ya watu mia sita. Meneja alimtazama kwa jicho ambalo sitalisahau, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Kwa wanaosoma sheria, mkasa huu una babu yake. Kampuni moja ya uvuvi huko Nova Scotia, Kanada, Maritime National Fish, ilikuwa inaendesha meli tano za kukokota nyavu, mojawapo, St. Cuthbert, ikiwa ya kukodi kutoka kwa Ocean Trawlers. Sheria mpya ilitaka kibali kwa kila meli. Kampuni iliomba vibali vitano, ikapewa vitatu, ikavigawa kwa meli nyingine tatu na kuiacha St. Cuthbert bila kibali. Kisha ikamwambia mwenye meli kwamba mkataba umeshindikana kwa sababu ya serikali. Mwaka 1935 Baraza la Rufani la Kifalme mjini London lilikataa utetezi huo. Serikali ilipunguza vibali, ndiyo, lakini aliyeamua ni meli ipi ikae bila kibali alikuwa mkodi mwenyewe, na kutowezekana unakokutengeneza kwa mkono wako hakukufungui. Kiswahili kilishasema kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio, na sijui hukumu iliyouweka msimamo huo kwa ufupi zaidi ya hapo. Sherehe ya watu mia sita inalipa kuliko sendofu ya watu mia mbili, na hiyo ni haki ya mfanyabiashara kuipenda, alimradi haiiti hesabu yake ya faida "sababu zilizo nje ya uwezo wetu".

Ili haki itendeke, nieleze ni lini ukumbi ungekuwa sahihi kabisa kutuambia haiwezekani, kwa sababu hukumu iliyojenga eneo hili lote la sheria ya Kiingereza ilihusu ukumbi wa kukodi. Zamani msimamo ulikuwa mkali: mwaka 1647, katika kesi ya Paradine na Jane, mpangaji aliyefukuzwa kwenye ardhi na jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe aliambiwa alipe kodi vilevile, kwa kuwa aliahidi bila kuweka sharti. Mwaka 1861 Taylor na mwenzake walikodi ukumbi wa muziki na bustani za Surrey, London, kwa matamasha manne, paundi 100 kwa kila siku. Tamasha la kwanza lilikuwa Juni 17. Tarehe 11 Juni ukumbi ukateketea kwa moto ambao haukuwa kosa la upande wowote. Waandaaji walidai gharama za matangazo na maandalizi. Jaji Blackburn, katika hukumu ya 1863, alisema kwamba pande zote mbili zilisaini zikijua kwamba kila kitu kinategemea jengo kuendelea kuwepo, kwa hiyo kuna sharti lisiloandikwa kwamba jengo likiangamia bila kosa la mtu, wote wawili wanaachiliwa. Kama ukumbi wetu ungeungua, kamati ingemtumia meneja salamu za pole, na mimi nisingeandika neno hata moja kuhusu fidia.

Aina nyingine inamwelekea mteja, na mkataba wa ukumbi ule hauitaji kabisa. Mwezi Juni 1902 bwana Henry alikodi vyumba vya bwana Krell katika mtaa wa Pall Mall kwa paundi 75 ili atazame maandamano ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akaweka kianzio cha paundi 25. Mfalme akaugua ghafla, sherehe ikaahirishwa mpaka Agosti. Vyumba vilikuwepo, dirisha lilikuwepo, hakuna lililoshindikana kufanyika. Kilichokufa ni lengo ambalo wote wawili walilijua. Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata ilisema Henry hadaiwi salio la paundi 50. Fikiria bwana harusi anafariki juma la sherehe, Mungu apishe mbali. Ukumbi uko wazi, sherehe haipo. Mkataba wenye busara ungekuwa na mstari mmoja kuhusu hali hiyo, wenye kugawana gharama kwa utu. Kipengele cha 9 kinamjua mwenye ukumbi peke yake.

Meneja alitupendekezea pia tarehe nyingine, akidhani ametupa suluhisho. Kutowezekana kwa muda huahirisha wajibu pale ambapo tarehe si roho ya mkataba. Anayeletewa matofali juma moja baadaye bado atajenga. Sendofu haifanyiki baada ya ndoa. Misa ilikuwa imepangwa, mahari imelipwa, wakwe wamekata tiketi, na binti asingeagwa akiwa tayari amekwenda.

Sasa fedha, ambazo ndizo zilizoleta mabishano kuliko yote, kwa sababu hazikuwa zetu: zilikuwa michango ya ndugu na marafiki ambao mweka hazina angesimama mbele yao kusoma mapato na matumizi. Meneja alishikilia kwamba advansi hairudi, na alikuwa na uhakika wa mtu aliyezoea kushinda. Ukweli ni kwamba zamani Uingereza ilimuunga mkono. Katika kesi ya Chandler na Webster ya 1904, iliyotokana na kutawazwa kulekule kulikoahirishwa, mkodi wa chumba aliyekuwa amelipa paundi 100 hakurudishiwa, na zaidi ya hapo akaamriwa alipe kilichobaki, kwa hoja kwamba hasara ibaki pale ilipoangukia. Watu walinung'unikia hukumu hiyo kwa karibu miaka arobaini. Ilipofika 1942, kampuni ya Kipolandi ya Fibrosa ilidai paundi 1,000 ilizotanguliza kwa mashine za kiwanda cha Leeds ambazo zingepelekwa bandari ya Gdynia, na hazikuweza kufika kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshaikalia Poland. Mahakama ya juu iliutupa msimamo wa zamani: aliyelipa na hakupata chochote arudishiwe chake. Mwaka 1943 Bunge lao likatunga sheria ya kurekebisha kilichobaki, ikiwemo nafasi ya aliyepokea fedha kukata gharama alizotumia kwa haki.

Sisi hatukuhitaji kusubiri vita. Kifungu cha 65 cha sheria yetu kinasema makubaliano yakibainika kuwa batili, au mkataba ukiwa batili, yeyote aliyepokea faida chini yake lazima airudishe au amfidie aliyeitoa. Mfano wa sheria ya India chini ya kifungu chenye namba hiyohiyo unafanana mno na jambo letu: mwimbaji anaahidi kuimba tamashani kwa rupia elfu moja, analipwa kabla, anaugua na hawezi kuimba. Hawajibiki kumlipa mwandaaji faida aliyoikosa, kwa kuwa hakutaka kuugua, ila rupia elfu moja lazima zirudi. Ninavyoona mimi, sentensi ya "malipo ya awali hayatarudishwa" haiwezi kutegemezwa kwenye mkataba ambao mwenye kuitegemea anasema umekufa. Na akisema haujakufa, basi ameuvunja, na hapo tunahamia kifungu cha 73 kuhusu fidia ya uvunjaji. Nilimweleza meneja achague mlango mmoja kati ya hiyo miwili, kwa kuwa wote unatokea kwenye sefu yake.

Mjumbe mmoja wa kamati, kijana mwenye damu moto, alitaka twende polisi kwa kosa la utapeli. Nilimzuia, kwa sababu jinai hudai kuthibitisha nia ya kudanganya tangu siku ya kupokea fedha, na karani aliyesahau barua si tapeli. Ila aliuliza swali zuri: je, huko nako mtu hujitetea kwa kutowezekana? Jibu ni kwamba huko mambo hugeuka. Kanuni yetu ya Adhabu, katika kifungu cha 380 kinachoeleza maana ya kujaribu kutenda kosa, haijali kwamba kwa hali ambazo mkosaji hakuzijua kosa lisingewezekana kutimia. Mwizi anayeingiza mkono kwenye mfuko mtupu amejaribu kuiba. Uingereza waliyumba kuhusu hilo mpaka 1986, walipothibitisha hatia ya bwana Shivpuri kwa kujaribu kushughulika na dawa za kulevya zilizoingizwa nchini kinyume cha sheria, ingawa alichobeba kilikuwa unga wa mimea usio na madhara. Kijana aliridhika, akaachana na polisi.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja tukitaja vifungu vya 56 na 65, tarehe ya barua ya kelele, na gharama ya kuchapa upya kadi zenye jina la ukumbi mwingine. Ni haki kusema kwamba hapa huduma ilijirekebisha kuliko nilivyotarajia. Msimamizi aliye juu ya meneja, mama mmoja mtaratibu, alitupokea, akasoma barua mara mbili mbele yetu, akaomba radhi bila kuzunguka, na advansi yote ikarudi kwa awamu mbili kwa njia ya simu, pamoja na fedha za kadi. Tofauti ya bei kati ya ukumbi wao na ukumbi wa parokia tuliohamia hawakuilipa. Tulikuwa na hoja ya kuidai, na kamati ilipiga kura tusiidai, kwa kuwa binti alikuwa ameshaagwa vizuri na hakuna aliyetaka kutumia mwaka mmoja kwenye korido za mahakama kwa ajili ya laki tatu.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi: jengo nne kati ya tano, wahudumu nne, bei nne, mkataba moja. Ile moja ni kwa sababu umeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, jambo ambalo mikataba mingi ya kumbi za jiji hili haina. Anayetaka kukodi pale aombe kuona mkataba kabla ya kutoa fedha, na aombe kipengele cha 9 kiandikwe upya kwa mkono pembeni, kisainiwe na pande zote mbili: kwamba ukumbi utaachiliwa wajibu ikiwa tu jengo limeharibika au sheria imekataza kwa tukio lililozuka baada ya kusaini na lisilo la kujitakia, kwamba kwa hali hiyo advansi yote inarudi ndani ya siku saba, na kwamba kwa sababu nyingine yoyote mteja analipwa hasara yake. Msimamizi yule aliniambia anawapa wateja wanaoomba ruhusa ya kufanya hivyo. Mkataba uliochapwa, nilipopita juzi kuulizia tarehe za Desemba kwa niaba ya jirani, ulikuwa bado ni uleule, ila barua ya kelele ilikuwa imehamishiwa kwenye mlango wa mapokezi, mahali ambapo kila mtu anaisoma.